Msamaha wa Chumba Namba Nne

Barua imebandikwa ukutani kwa uji wa muhogo,
karibu na ratiba ya chai:
kituo kimesamehewa kufunga vitambua moshi
katika chumba cha nyaya namba nne,
kwa kuwa dari ni fupi, nyaya ni chache,
na mlinzi atapita kila baada ya saa moja
akiwa na tochi, daftari na akili timamu.

Pua haikutajwa.

Lakini mimi, Domitila Ruhaga, nimeisoma barua ile
usiku mwingi kuliko aliyeiandika,
na kila nikiisoma nakwama pale pale.
Kwetu msamaha huombwa na aliyekosa:
anakuja, anakaa mkekani,
anataja kosa kwa jina lake, watu wakisikia.
Hapa sijui nani alimkosea nani.
Moto haukuitwa kikaoni.
Haukuulizwa kama umeridhika.

Nyuma yangu injini sita zinakunywa dizeli
iliyokuja na reli kutoka mbali,
ili Mwanga pawe na mwanga,
na majokofu ya Kibirizi yagandishe migebuka.

Pua hii ilisoma Ujiji, jikoni kwa mama:
moshi wa kukaushia samaki, unaonata kwenye kilemba mpaka Jumapili;
moshi wa mawese yakitokota;
moshi wa kuni mbichi, wa kulia bila msiba;
moshi wa maharage yaliyosahauliwa
na mtu anayesoma barua ya mapenzi.
Wa kazini nilijifunza ukubwani:
mpira wa waya unapoanza kuchoka,
kama kandambili iliyoangukia mafigani.
Niliusikia mara moja tu, Jumanne moja mwaka juzi,
nikazima swichi kabla sijajua kuwa nimeogopa.
Daftarini ikaandikwa: hali ya kawaida.

Wiki hii nina mafua.

Saa saba usiku nilisimama mlango wa namba nne,
nikavuta hewa,
ikaja kwa shida, kama maji ya bomba siku ya mgawo.
Sikusikia moshi. Sikusikia dizeli.
Sikusikia hata sabuni ya mikono yangu mwenyewe.
Nikaweka mgongo wa kiganja kwenye chuma cha mlango
kama ninavyompima homa mwanangu Gaudensia.
Chuma kilikuwa na uvuguvugu.
Ila Septemba hapa, chuma gani hakina uvuguvugu?
Nikafungua. Nikamulika waya mmoja mmoja
mpaka tochi ikageuka njano.
Nikabaki mle ndani, muda ambao barua haikuuomba,
nikisikiliza kwa ngozi.

Daftari lina safu mbili:
Moshi upo. Moshi haupo.
Nikaandika katikati, juu ya mstari:
Sikusikia harufu. Nina mafua.

Mhandisi Ntabaye si mtu mbaya.
Asubuhi alinipa tangawizi kutoka mfukoni mwake
na ndimu mbili alizofungiwa na mkewe.
Kisha akaniomba, kwa sauti ya chini,
niuandike upya ukurasa ule.
"Dada, wakaguzi hawana safu ya mafua."
Akaongeza, kama anayenipa pole,
kwamba msamaha umesogezwa miaka mitano mbele,
barua mpya inakuja na treni ya Alhamisi.

Nikanakili.
Haupo. Haupo. Haupo.
Penye saa saba wino ulikatika,
nikaazima kalamu ya mtu wa stoo, nyekundu,
ikabidi ukurasa wote uanze tena.

Saa moja na dakika hamsini nikavua koti,
nikamkabidhi Bitaliho tochi na daftari.
Akafungua kikopo, akabana ugoro kwa vidole viwili,
akajaza tundu la kulia, akajaza la kushoto,
akafumba macho, akapiga chafya mara mbili,
na akasaini saa mbili
kabla haijafika.