Wati za Usingizini

Waraka ulifika Jumanne, kurasa kumi na moja,
pini imeshika kutu kwa unyevu wa ziwa:
kila mashine ya ofisi ivae lebo kifuani,
iseme inakula wati ngapi ikifanya kazi,
iseme tena (hapa mstari umekolezwa wino)
inakula wati ngapi ikiwa imelala.

Nikacheka peke yangu stoo.
Nimelelewa nyumba ya watoto tisa, najua:
mlaji humjui mezani.
Ngoja usiku, sufuria itasema.

Mimi Nyamizi, mtunza stoo wa ushirika,
ghorofa ya pili, dirisha linatazama Kirumba.
Nikapewa kipimo chenye plagi na kioo kidogo,
nyota za kubandika, kalamu isiyofutika.

Nilianza masijala. Printa: mia tatu ikichapa,
tano ikisinzia. Nyota tatu.
Kompyuta ya Ng'washi: sabini, kisha mbili. Nyota nne.
Ng'washi akaipangusa kwa mkono wa shati
kama mama wa mtoto aliyetajwa shuleni.
Friji ya meneja sikuigusa.
Ukurasa wa tisa unasema friji si kifaa cha ofisi,
hata ikikaa ofisini, hata ikikoroma.

Kisha uhasibu. Fotokopi kuukuu,
iliyonunuliwa mwaka ule pamba ilipopata bei;
tunaiita Bi Mkubwa kwa kuwa haisukumiki.
Mzee Lugembe akaapa:
"Hiyo naizima kwa kidole changu,
saa kumi kamili, kabla sijafunga dirisha."

Kipimo hakijui kiapo.
Themanini na sita.
Kifuniko chini, taa moja nyekundu, tumboni hamna karatasi,
themanini na sita,
mfano wa balbu ya zamani inayomulika ukuta mtupu
usiku kucha, Jumapili, Idi, Krismasi.
"Pima tena."
Nikapima tena.
Akavua miwani, akaivaa, akaivua.

Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha:
tangu saa kumi jioni hadi saa mbili asubuhi
ni uniti moja na ushee, kila siku ya Mungu.
Hapo kalamu ikanigandia mkononi.
Uniti moja na ushee.
Namba hiyo niliwahi kuisikia,
mwezi wa nne, kikaoni, Luku ikiisha kabla ya tarehe,
ikisomwa kwa sauti mbele ya Bituro, mlinzi wa usiku:
kwamba anachajia simu watu wa mwaloni
kwa shilingi mia mbili mia mbili.
Alirudisha koti la kampuni likiwa limefuliwa, limekunjwa.
Muhtasari niliuchapa mimi.
Bi Mkubwa akautoa nakala sita.

Lebo ina safu ya chapa, safu ya mwaka,
safu ya wati macho, safu ya wati usingizini.
Nikajaza zote. Nyota sifuri.
Safu ya kuandika habari za Bituro haikuwamo.

Jioni hiyo nilichelewa kutoka.
Nilizima taa, na vyumba vyote vikafumbua macho mekundu,
kumi na saba, nikayahesabu.
Nje, ziwani, taa za wavuvi wa dagaa
nazo zilikuwa zimewashwa, msururu mrefu, giza la mwezi.
Zile zinakula ili zilete kitu.

Jumamosi nikashuka Mwaloni.
Nilimkuta kwenye mizani, anapima dagaa wa magunia,
vumbi la fedha hadi kwenye kope.
Nikamweleza yote, waraka, kipimo, themanini na sita,
nikijikwaa kama niliyetumwa kudai deni.
Aliongeza konzi, akapunguza konzi, mshale ukatulia.
"Simu zilikuwa mbili," akasema,
bila kuinua uso. "Moja yangu."

Chaja nilikwishaipima, Ijumaa, kwa siri.
Wati tano.
Waraka haukuiuliza.