Ipi Inaisoma Hii?

Hamimu amezipanga kauntani, dukani kwake Mwanga,
mashine mbili nyeusi, mapacha wasiosalimiana.
Hii, asema, husoma kwa mwanga wa buluu.
Ile ni nafuu, ila waliotengeneza
hawasikilizani na wa hii:
sahani ya huku haisomeki kule.

"Nani atashinda?"
"Hata Dubai hawajui, dada."

Nina madumu matatu ya mawese,
yamegeuka noti, yamekunjwa mara nne
kwenye pindo la kanga.
Bukuru ataka ya buluu: eti utaona
jasho la mchezaji, tone kwa tone.
Mimi jasho la watu sijawahi kulikosa.

Tembo wakipigana, nyasi ni mimi,
na nyasi hazirudishiwi hela.
Akishindwa mmoja, sahani zake nifanyie nini?
Hamimu anacheka. "Utatishia ndege shambani."

Basi natoa yangu kikapuni,
ya kawaida, imechubuka kama goti la mtoto:
harusi ya Yoranda, Kasulu, mwaka ule wa mvua.
Dakika ya kumi na mbili mama anapita nyuma
na sinia, anageuka, anasema kitu
ambacho muziki umekimeza.

"Ipi inaisoma hii?"

Anaitia kwenye ya buluu. Inanguruma, inatafuta.
Sinia linatokea. Kiganja. Nusu ya uso,
na umeme wa Kigoma, kwa desturi yake, unakatika.

Tumesimama gizani watatu.
Mashine imeing'ang'ania sahani yangu mdomoni.
Hamimu anapapasa kiberiti.
Bei, mpaka hapo, haijashuka.