Senti Kumi

Miaka ishirini na miwili nawakamua ng'ombe wa Learco
hapa bonde la Po, saa kumi alfajiri, ukungu hadi kwenye mlango,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza natoka wapi.
Wao hutaka mkono wenye joto, basi.

Mwaka wa kwanza nilisema: watu gani hawa,
mama mzazi wanampigia simu kabla ya kumtembelea,
saa sita kamili wako mezani,
saa sita na dakika tano mgeni ni mwizi.
Kule kwetu, nilisema, mlango ni wa kuzuia mbwa.
Kule kwetu. Kule kwetu.
Nilisema hadi Gurmel, tuliyelala chumba kimoja juu ya zizi,
akaanza kunitoza senti kumi kila nikitamka.
Masika yalipofika akanunua koti.

Januari hii nilikwenda Jalandhar.
Mwili haujui likizo: saa kumi niko uani,
nimejifunga shali, namtafuta nyati wa mama gizani.
Zizi limekuwa gereji.
Balkar ndugu yangu hununua maziwa ya pakiti,
sakafu yake ni marumaru, inateleza,
na mwanawe, usiku kucha, anakariri Kiingereza cha Kanada.
Chakula kilikuja saa tisa.
Nilikuwa nimenuna tangu saa sita.
"Mpeni Mtaliano wetu," shemeji akacheka, "asije akatufia."
Na mimi, kabla sijaushika ulimi:
"Kule kwetu tunakula mapema."

Kijiko cha Balkar kikasimama hewani.
Gurmel angenitoza. Lakini angenitoza kwa kule ipi?

Nimerudi. Learco amezeeka ghafla
tangu mwanawe ahamie London kuuza bima.
Jana aliniita nje, akanyoosha fimbo kwenye ukungu,
kwenye mashamba ambayo hata hayakuonekana.
"Nachatar," alisema, "hapa kwetu kumekwisha.
Aliyebaki ni wewe."
Mimi, mwenye kilemba,
nisiyeonja jibini yake hata siku moja
kwa ajili ya tumbo la ndama linaloigandisha.

Nikamnyooshea kiganja: senti kumi.

Hakuelewa.
Alikishika kwa mikono yake yote miwili,
akakaa nacho kidogo,
akasema kina joto.