Somo la Kwanza, Maabara ya Wete

Kombo, rudisha hizo boksini.
Mpira mweupe haujui mafuta ya karafuu:
huyanywa, hulainika, huvimba kidogo kidogo,
nawe unajiona umejikinga.

Vaa za buluu.
Ngoja. Kwanza kunja pindo, hewa ibaki vidoleni,
uibinye karibu na shavu.
Ikikupulizia, ina tundu. Itupe, hata ikiwa mpya.

Na pete vua. Najua ni ya juzi,
Mwanashaha hatakudai talaka kwa saa mbili.

Siku ya asetoni utaniuliza tena,
maana hizo hizo za buluu huiachia njia
kabla hujafunga kizibo.
Kila chupa na ngao yake.

Simu ikilia, ilie.
Kitasa, kalamu, ndevu: si vyako mpaka uvue glavu,
ndani ikawa nje, moja tumboni mwa mwenzake.
Kisha nawa.

Unaniangalia kidole?
Tundu lilikuwa dogo, kama la sindano.
Asidi haikuhitaji mlango.
Hiki ndicho cha shahada:
kila sala nakinyanyua,
lakini tasbihi nahesabu kwa gumba,
maana chenyewe hakisikii chembe.