Chini ya Bomba

Asekenye, vua viatu, panda.
Baiskeli haiendi popote leo:
tumeibana kwa vyuma sakafuni
katika ghala hili la Soroti lililokuwa la pamba.
Nyuzi za pamba bado zimenasa dirishani.
Mimi natafuta nyuzi nyingine, za goti lako.

Nakubandika plasta nyeupe
nyongani, gotini, kwenye kifundo cha mguu.
Unacheka. "Daktari, umenitia madoa kama kanga."
Kanyaga.

Kamera inaumeza mguu, picha mia mbili kwa sekunde,
na kwenye kioo cha kompyuta goti linakuwa nukta,
nukta inachora yai,
yai lililoegemea upande.
Mguu wa kushoto: hamsini na sita katika mia.
Wa kulia unafuata tu, kama mgeni anayesindikizwa.

Nafungua jedwali. Jedwali linasema: kasoro.
Linataka tandiko liwe hapa, goti likunjuke hivi,
nyonga zitulie kama maji mtungini.
Nateremka hadi chini kabisa, kwenye herufi ndogo
ambako wataalamu huficha aibu zao:
washiriki thelathini na wanane,
wote wanaume.

Umeme ukakatika.
Kompyuta ikafa. Pangaboi likazunguka mara tatu
kwa adabu tu, likasimama.
Wewe hukusimama.
Gizani niliusikia mnyororo,
pigo zito, pigo jepesi,
zito, jepesi,
nikauliza, wala si kitafiti:
nani alikufundisha?

"Nani anifundishe? Kaka zangu walishikwa mgongoni
na baba, wakiwa juu ya tandiko.
Mimi niliiiba wakilala.
Ilikuwa ndefu kuniliko, basi nikapenyeza mguu wa kulia
chini ya bomba, nikaning'inia ubavuni kama popo.
Wa kushoto ndio uliobeba mwili.
Baadaye wakaona nafaa, wakanipakia mtama,
Arapai hadi sokoni, kila Jumamosi,
na bado tandiko sijalifikia."

Kumbe kasoro ina umri.
Ina barabara yake, ina kilo hamsini nyuma.

Halafu ukasema jambo jingine, kwa sauti ya chini,
maana giza husaidia:
kwamba tandiko hili la mbio, jembamba, lenye ncha,
limekuchuna miaka mitatu,
na kocha Opolot alisema vumilia,
nawe ulidhani
maumivu ndiyo mchezo wenyewe.

Miaka mitatu, Asekenye.
Na mimi ninazo mashine za kupima upepo.

Tulitafuta tandiko pana. Tulilishusha kidole kimoja,
tukalisogeza mbele upana wa ukucha.
Wiki ya kwanza ulikwenda polepole kuliko zamani.
Opolot alinitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe tasa.
Wiki ya pili vilevile. Sikulala.

Wiki ya sita, daraja la Awoja,
upepo wa kinamasi ukikupiga ubavuni,
nilikuwa nyuma yako juu ya pikipiki, saa mkononi,
nikasahau kuibonyeza.
Nilikuwa nasikiliza mnyororo.
Karibu sawa. Karibu.
Wa kushoto bado unatangulia kidogo,
kama dada mkubwa asiyeamini
kwamba wadogo zake wanaweza kuvuka peke yao.
Opolot ndiye aliyekuwa na saa nyingine.
Hakusema kitu. Aliivua kofia, akaitazama ndani,
akaivaa tena.

Usiku nimechora jedwali langu.
Mstari wa kwanza una jina lako.
Safu ya kasoro nimeifuta,
nikaweka nyingine, ambayo wenzangu wataicheka:
alijifunzia wapi.

Leo amekuja Ikiring, kutoka Serere,
na kovu refu kwenye muundi wa kulia.
Amevua viatu. Plasta ziko tayari.
Sijasema kanyaga.
Nimevuta kiti.