Vipande vya Popelini

Sabini na nane, ulisema ubao wa njia panda
kwa taa za kijani, kijani cha jani la mgomba,
nami nimesimama chini yake nikiutafuta,
mkono mmoja mdomoni.
Sabini na nane: hewa ya wastani.
Jumatatu ulisema hivyo. Jumanne ukarudia.
Jumatano mwanangu Rafki alihesabu pumzi zake
kama mtu anayehesabu chenji dukani
na kila mara anakuta pungufu.

Hapa Riau, mwezi wa tisa, mboji inaungua chini kwa chini,
moto usio na ndimi,
unatafuna mizizi wiki ya nne sasa,
na hakuna anayejua ni shamba la nani,
ijapokuwa kila mtu anajua ni shamba la nani.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine ya kupima hewa sina.
Nina mabaki ya popelini nyeupe, ya sare za shule
ambazo hakuna anayekuja kuzichukua.
Alfajiri nabana kipande kimoja dirishani kwa pini,
jioni nakiandika tarehe kwa penseli, nakitundika ukutani.
Cha kwanza, maziwa.
Cha tano, meno ya mvuta sigara.
Cha kumi na moja, chai ya rangi iliyosahauliwa kikombeni.
Etek Rosna wa nyumba ya pili hupita kabla ya kwenda sokoni.
Ubao hautazami siku hizi. Hutazama ukuta wangu,
hushika kiuno, husema, "Leo siendi."

Usiku wa kumi na mbili alikuja shemeji, Zulhendri,
mtu wa ofisi ya vipimo mwenyewe,
bado kavaa shati lenye nembo mfukoni.
Maneno yake nilikuwa nayo tangu Jumatatu, yamepigwa pasi:
Mficha moshi, shemeji, kikohozi humuumbua.
Hakujibu. Alivua viatu, akasogelea ukuta,
akapitisha kidole kipande hadi kipande
polepole, kama anayesoma barua ya msiba
na hataki kufika chini.
"Mtambo uliziba masizi," alisema. "Tuliuzima Jumapili.
Namba unayoiona ni ya Jumapili.
Niliandika barua. Wakasema ubao mtupu utatia watu hofu,
heri namba yoyote."
Kisha akaomba, kwa sauti ya mtu anayekopa chumvi,
kile cha kumi na moja.

Nilimkatia nusu.

Alikipeleka wapi, sijui. Ila Ijumaa
ubao uliamka mwekundu: mia nne na kumi na mbili. HATARI.
Na chini yake vijana walicheza mpira,
na muuza mishikaki akapepea jiko lake,
moshi juu ya moshi.
"Wanataka kutuuzia barakoa tu," aliniambia,
akanipimia mchuzi wa karanga, akakohoa begani.
Nilitaka kumwambia kuwa safari hii ni kweli.
Nilikosa pa kuanzia.

Mvua ilikuja usiku wa kuamkia tarehe nane,
ikapiga mabati kama mdai.
Asubuhi mnara wa msikiti umerudi mahali pake,
na nyuma yake kilima ambacho Rafki
alidhani nimekibuni.
Ubao: thelathini na moja. Hewa nzuri.
Kijani kilekile.
Shemeji alipiga simu. "Fungueni madirisha.
Nimepima mwenyewe, mara mbili. Safari hii ni kweli."

Safari hii.
Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo.

Taulo mbichi bado limelala chini ya mlango.
Rafki amekaa kando yake, ameshika viatu.
Nimebana kipande kipya, nimekaa nacho mchana kutwa
kama anayelinda maziwa jikoni.
Jioni kimetoka cheupe.
Nakigeuza nyuma. Nakinusa.
Nakigeuza tena.