Fumbo la Januari

Karatasi ilisema hivi tu:
giza, yadi tatu;
wastani, yadi mbili na robo;
nuru, yadi nne, usije ukapungukiwa;
na kimoja cha kuchokoza.
Picha hapana.
Arlys, mwenye duka, alikunja mikono kifuani:
hatua ya kwanza Jumamosi ijayo, ya pili Februari,
na mfarishi wenyewe mtauona
siku utakapoisha.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.
Tulikuwa wanawake kumi na mmoja
tuliokwisha kufunika vitanda vya kaunti nzima,
na tulitoa macho.

Nje, Dakota Kaskazini, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
magari yamechomekwa kwenye umeme injini zisigande,
theluji inapita barabarani kwa ubavu
kama mtu asiyetaka kusalimiwa.
Ndani palikuwa benki zamani. Majora yamesimama
katika chumba cha hazina, mgongo kwa mgongo,
na ule mlango wa chuma hauna cha kufungia tena.

Nilishika damu ya mzee kwanza.
Nikairudisha. Nikashika buluu
ya chupa za dawa, nikailaza juu ya rangi ya maziwa,
nikarudi nyuma hatua tatu, nikavua miwani.
Utamchagulia vipi nguo mgeni
usiyejua anakwenda harusini au matangani?

Verla Tollefsrud ameketi, koti hajavua.
Macho yake yameliwa katikati
kama sweta lililoingiwa na nondo:
pembeni anaona, katikati hamna kitu.
Nilimleta kwa kuwa Alhamisi ni zamu yangu
na redio ya kwake imeharibika.
"Niletee," akasema. "Rangi usinitajie."

Akakiweka kitambaa upande wa sikio,
akakitazama kama kuku atazamavyo punje.
"Hii jioni."
Kingine.
"Hii nayo jioni. Umechukua jioni mbili, Doreen,
zitamezana."
Ile buluu yangu na kahawia ya viatu:
kwangu mbingu na ardhi, kwake pacha.
Kijani cha njegere akakipiga kofi.
"Alfajiri. Weka."

Wenzangu wakaanza kusogea,
majora kifuani kama watoto wa kupimwa uzito,
foleni hadi mlango wa chuma,
na Arlys, ajuaye picha peke yake,
nyuma ya kaunta akitafuna kalamu,
asiseme ndiyo, asiseme siyo.

Cha kuchokoza alikichagua mwenyewe:
haradali yenye madoa ya waridi,
bei imeshushwa mara nne,
kibaya, Mungu anisamehe.
"Hiki giza au nuru?"
"Sijui. Hakitulii. Ndicho."

Kimefuliwa sasa, kimepigwa pasi,
bado kibaya.
Hatua ya kwanza imefika:
kata miraba themanini na minne, inchi mbili na nusu.
Haikusema ya nini.
Nilipofika sitini simu ikalia. Verla.
"Imeanza kufanana na nini?"
"Miraba."
"Miraba ya nini?"
Nikatazama lile rundo, haradali juu,
halitulii kweli.
Ishirini na minne bado.